Swichi ya Chumba cha Eda

Wageni wa posa walikwisha piga hodi, wakakaribishwa, wakakaa, wakanywa kahawa, na Sihaba bado alikuwa anahangaika na kifungo cha juu cha gauni lake. Vidole vilivyozoea kudarizi kofia za watu usiku na mchana, leo vilikuwa havijui tundu la kifungo liko wapi.

"Tulia, wee mwana," shangazi yake, Bi Zaina, alimnong'oneza. "Hawakuja kukuona wewe. Wamekuja kumwona babako."

"Ndiyo maana natetemeka, shangazi."

Na alikuwa na haki ya kutetemeka, maana baba mwenyewe ni Mzee Pazi. Bagamoyo nzima ilimjua Mzee Pazi, muuza boriti na chokaa, kwa mambo mawili: hapunguzi bei, na akishasema hapana huwezi kumgeuza hata umletee mashekhe saba. Majaliwa, fundi umeme kutoka Zinga, alikuwa amekwisha kupewa hapana yake mara moja.

"Kazi gani hiyo?" Mzee Pazi aliuliza siku ile ya kwanza alipoletewa posa. "Mimi boriti yangu naiona, naishika. Yeye anashika nini? Anashika mauti, na mauti yenyewe hayana hata rangi. Binti yangu mmoja tu, mamake alinifia naye angali mchanga. Nimlee miaka yote hii, halafu nimpe mtu anayetia vidole ndani ya kuta za watu?"

Lakini mjomba wake Majaliwa, Mzee Bwanaheri, alikuwa mtu wa kung'ang'ania. Alimvizia Mzee Pazi kila Ijumaa mlangoni mwa msikiti, akamsalimu, akamwulizia goti lake linalomuuma, akamsindikiza mpaka nyumbani huku anaongea, mpaka Mzee Pazi akachoka masikio.

"Njooni basi baada ya Isha," alisema. "Lakini nawaambia mapema. Kazi ya kijana wenu ni hiyo taa iliyomo ukumbini kwangu. Hiyo ndiyo itakayomsemea yeye ni mtu wa namna gani. Ikisema vizuri, tutazungumza. Ikisema vibaya, kahawa mtakunywa na mtakwenda zenu."

Haya. Sasa taa hiyo, iliyofungwa kabla ya ile hapana ya kwanza, ilikuwa na mambo yake, na kabla sijafika mbali lazima nikueleze, usije ukaniuliza katikati.

Bi Zaina alikuwa mjane. Mumewe alifariki Pangani, na kwa kuwa nyumba ya marehemu ilijaa mashemeji wasioisha, Mzee Pazi alimchukua dada yake huyo aje akae eda kwake. Mwanamke wa eda, unajua, haonwi na mwanamume asiye maharimu wake. Akapewa chumba kinachopakana na ukumbi, ukuta mmoja tu kati yao na mlango wenye pazia. Na huko ukumbini Mzee Pazi alikuwa na tabia ya kusinzia kitini baada ya wageni kuondoka, taa inawaka mpaka alfajiri. Sihaba alalaye uani hajui. Bi Zaina anajua, lakini hawezi kutoka, maana hajui kama mgeni wa mwisho amekwisha kuondoka.

"Kuna namna," Majaliwa alimwambia Mzee Pazi alipoitwa. "Taa moja, swichi mbili. Moja hapa ukumbini, moja ndani kwa Bi Zaina. Ukiwasha hapa, yeye atazima kule bila kunyanyuka kitandani."

"Atazima taa ya huku, naye yuko kule?"

"Ndiyo, mzee."

"Ukuta uko katikati?"

"Ndiyo, mzee."

Mzee Pazi aliutazama ukuta, akamtazama kijana. "Fanya," akasema. "Lakini mle ndani huingii. Toboa tundu, pitisha nyaya zako, dada yangu atazipokea. Na Sihaba atakaa jikoni."

Mpango mzuri. Ila Bi Zaina macho yake yalikuwa hayaoni hata mlango wa choo, sembuse skrubu. Mzee Pazi alipokwenda zake kwenye boriti, mjane alimwita mpwa wake kutoka jikoni, akampa bisibisi iliyopitishwa chini ya pazia, akamkalisha ukutani.

"Vuta taratibu," sauti ya Majaliwa ilisema tunduni.

"Nimevuta," akajibu Sihaba.

Upande wa pili waya ukaacha kusukumwa. Kijana alikuwa anatazamia sauti ya mama mtu mzima.

"Umeupata?" akauliza baadaye, na sauti yake ilikuwa imepungua nguvu.

"Nimeupata. Una vumbi."

"Samahani."

"Unaniomba samahani kwa vumbi la ukuta wetu wenyewe?"

Akacheka. Hakucheka kwa nguvu, alicheka kama mtu aliyeshikwa akiiba sukari. Sihaba akataka kukiona kicheko hicho kimekaa juu ya uso gani, maana fundi huyu alikuwa akimwona mbali tu, anapita na ngazi yake begani. Akainama, akatia jicho tunduni. Na Majaliwa naye, masikini, saa ile ile alikuwa ameinama kutazama waya umefika wapi. Jicho likakutana na jicho.

"Yarabi!" wote wawili wakasema, wakaruka nyuma. Sihaba akajigonga kwenye kitanda cha shangazi yake.

"Nini?" Bi Zaina akauliza.

"Hakuna kitu, shangazi. Waya."

Wapo wanaopenda kwa uso mzima, na wapo wanaopenda kwa mwendo. Sihaba alipenda kwa jicho moja la kushoto lenye vumbi la chokaa kwenye kope. Usiku ule hakulala, na kesho yake aliomba kazi isiishe.

Iliisha. Siku ya pili, nyaya tatu zilikuwa zimechomoza ndani, na swichi ilikuwa mkononi mwake, imefunguka mgongo.

"Sikiliza vizuri," Majaliwa akasema. "Swichi hiyo ina skrubu moja upande mmoja, na skrubu mbili upande wa pili. Umeziona?"

"Nimeziona."

"Waya mwekundu uufunge kwenye ile skrubu moja. Ukae peke yake. Nyaya nyeusi mbili uzifunge upande wa pili, zikae pamoja."

Bi Zaina, aliyekuwa amelala kwa ubavu akivuta uradi wake, akanyanyua kichwa.

"Mwekundu akae peke yake? Kwa nini? Kafiwa?"

"Shangazi, fundi ndivyo anavyosema."

"Fundi mwanamume. Mwanamume anajua nini habari za kukaa peke yake? Mimi nimo humu chumbani naisikia ladha yake kila siku. Mpe mwenzake mweusi mmoja, wakae wawili. Yule mweusi mwingine ndiye akae peke yake, yeye bila shaka ni mkakamavu, atavumilia."

"Lakini shangazi..."

"Sihaba! Mimi na wewe nani aliyemwogesha mwenzake?"

Nawe msomaji usimlaumu sana. Msichana ambaye kichwa chake kimejaa jicho, na mbele yake shangazi aliyemlea amejaa uchungu, ataufunga waya popote atakapoambiwa. Aliufunga mwekundu pamoja na mweusi.

"Umefunga?" Majaliwa akauliza.

"Nimefunga."

"Sawasawa?"

Sihaba akamtazama shangazi yake. Shangazi yake akamtolea macho.

"Sawasawa."

Majaliwa akabonyeza swichi yake ya ukumbini: taa ikawaka, ikazima, ikawaka. Akasema, "Sasa jaribu na wewe huko." Hapo hapo kikohozi cha Mzee Pazi kikasikika barazani, Sihaba akachomoka kwenda jikoni mbio, na swichi ya ndani haikujaribiwa na mtu. Bi Zaina ndiyo kabisa. "Mimi na moto wa ukutani hatujuani," alisema, akalala. Na taa ikaendelea kuwaka na kuzima kutoka ukumbini, ikampendeza hata Mzee Pazi.

Mpaka usiku huu wa posa.

Ukumbini walikuwa watatu: Mzee Pazi kitini kwake, Mzee Bwanaheri mkekani, na jirani yao wa Zinga aitwaye Mzee Husseni, ambaye alikuja kuongeza idadi na hakusema neno tangu alipoitikia salamu, ila alikuwa amekaa karibu sana na sahani ya halua. Majaliwa mwenyewe hakuwepo, maana si desturi bwana harusi kukaa kwenye posa yake. Alikuwa ng'ambo ya njia, benchi la nje ya duka la Dinesh, anatazama dirisha la Mzee Pazi bila kupepesa.

"Sisi watu wa Zinga," Mzee Bwanaheri alianza, "si watu wa maneno mengi."

Akasema. Alisema kuhusu babu yake, akasema kuhusu mihogo ya mwaka ule, akasema kuhusu urafiki wa Zinga na mjini, mpaka kahawa ikapoa. Nyuma ya pazia Sihaba alikuwa anaomba kimoyomoyo: ewe Mola, mfikishe.

"Wahenga walisema," Mzee Bwanaheri akafika, "jungu kuu halikosi ukoko. Mzee Pazi, wewe ndiwe jungu kuu. Nasi tumekuja, kwa heshima na taadhima, kuomba huo ukoko."

Bi Zaina akakaa kitako kitandani.

"Kamwita mtoto wetu ukoko?"

"Shangazi, polepole, watasikia!"

"Na wasikie! Ukoko! Uliogandia chini, wa kukwanguliwa kwa upawa! Ngoja, huyu atanyamaza akiwa gizani."

Na kabla Sihaba hajaushika mkono wake, mjane aliyekuwa hajuani na moto wa ukutani alikwisha ibonyeza swichi.

Giza likaanguka ukumbini. Mzee Bwanaheri kweli akanyamaza.

"Umeme umekatika," Mzee Pazi akasema.

"Mbona kwa Dinesh kunawaka?" Mzee Bwanaheri akauliza, maana dukani kule ng'ambo taa zilikuwa zinameremeta.

Mzee Pazi akajikongoja na goti lake mpaka kwenye swichi ya ukumbini, akaibonyeza chini. Giza. Ndani, Sihaba alikuwa amemkamata shangazi yake mkono. "Irudishe!" Bi Zaina akairudisha. Giza vile vile. Kule ukumbini Mzee Pazi akasonya, akaibonyeza yake juu, na taa ikawaka paa! Uso wa Mzee Bwanaheri ukaonekana umekunjuka, na mkono wa Mzee Husseni ukaonekana ndani ya sahani ya halua.

"Alhamdulillahi," akasema Mzee Bwanaheri.

Lakini Sihaba, ambaye hakuiona taa kwa sababu ya pazia zito, alidhani bado giza, na kwa nia njema kabisa akaibonyeza swichi ya ndani tena. Pu! Giza.

"Audhubillahi!" Mzee Bwanaheri akapiga kelele. "Mzee Pazi, nyumba yako ina wenyewe!"

"Nyumba yangu haina wenyewe, ina kazi ya mpwa wako!" Mzee Pazi akanguruma. "Asiguse mtu kitu! Itatuchoma sote humu!" Akapapasa ukuta mpaka karibu na mita, akaivuta chini swichi kubwa ya nyumba nzima. Sasa hata uani na jikoni pakawa giza tupu, na hakuna aliyethubutu kuipandisha.

Ikasikika sauti moja tu, ya Mzee Husseni anatafuna.

"Aitwe fundi," Mzee Pazi akasema.

Mzee Bwanaheri akakohoa. "Fundi hawezi kuingia, mzee. Fundi ndiye bwana harusi. Si desturi."

"Na desturi ya wazee kukaa gizani wanapapasana iko wapi? Aingie fundi. Bwana harusi abaki nje."

"Lakini mzee, ni mtu mmoja."

"Basi na aingie nusu!"

Majaliwa aliingia mzima, na tochi aliyoazima kwa Dinesh. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe, maana hata kwa kukaa benchini alitaka kupendeza. "Shikamooni wazee," akasema, akaitikiwa na wawili na nusu. Akaifungua swichi ya ukumbini, akaimulika. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Hapo akajua. Aligeuka taratibu akautazama ukuta, na lile tundu dogo ambalo bado halijazibwa vizuri.

"Nani..." akaanza, akajikata.

"Nani nini?" Mzee Pazi akauliza.

Sihaba, upande wa pili, alikuwa amebana sikio lake kwenye tundu lile lile. Alijua kijana anafikiri nini. Akisema swichi ya ndani imefungwa vibaya, atakuwa amemtukana mjane wa watu mbele ya wageni. Akimtaja aliyeifunga hasa, atakuwa amemtangaza Sihaba kwamba siku mbili nzima alizungumza na kijana wa kiume huku babake akidhani yuko jikoni. Mji wenyewe Bagamoyo, neno likitoka saa mbili, saa tatu limefika Mbegani.

"Kosa ni langu, mzee," Majaliwa akasema. "Nilifunga vibaya."

"Ulifunga vibaya."

"Ndiyo, mzee. Naomba radhi."

"Nyumbani kwangu. Mna mjane, mna binti. Ukafunga vibaya." Mzee Pazi hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. "Nilisema taa ndiyo itakayokusemea. Imesema, na wewe umeitikia. Bwana Bwanaheri, mchukue mwanao. Nashukuru kwa kunitembelea."

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Mzee Bwanaheri alikosa la kusema.

Sihaba alisikia mkeka unakunjwa. Alisikia bisibisi inarudishwa mfukoni. Kijana anaondoka, tena anaondoka na aibu isiyokuwa yake, kaibeba kimya ili yeye abaki na jina jema, na kesho babake atamwoza kwa mtu mwingine yeyote anayejua kuuza kitu kinachoshikika. Jina jema la nini sasa? Alitake nani jina jema bila Majaliwa?

"Baba!"

Mkeka ukaacha kukunjwa. Mwari hapigi kelele usiku wa posa yake. Hata Mzee Husseni aliacha kutafuna.

"Baba, swichi ya huku ndani nimefunga mimi. Yeye alisema hivi, mimi nikafanya vile. Usimwadhibu kwa kosa langu."

"Wewe? Wewe ulikuwa jikoni!"

"Sikuwa jikoni, baba."

"Siku ya kwanza au ya pili?"

"Zote."

Mzee Pazi akakaa kitini kwa kishindo. Lakini nyuma ya pazia sauti nyingine ilikwisha kuwa tayari, ile ya dada mkubwa isiyobembelezwa.

"Na aliyemwambia afunge vile ni mimi, Pazi! Fundi alisema mwekundu akae peke yake, nami nikakataa. Unatafuta wa kumfukuza? Nifukuze mimi. Ila huwezi, nimo edani!"

"Dada, wewe nilikupa kazi ya kupokea nyaya!"

"Kwa macho yapi? Ulinipa kazi ya macho, mimi nina masikio."

"Sawa. Masikio yako yalisikia nini? Hapo tunduni walikuwa wanasema nini siku mbili?"

Bi Zaina akafikiri. "Nyaya, Pazi. Walikuwa wanasema nyaya tu. Lakini mimi na umri wangu huu sijawahi kusikia nyaya zikisemwa vile."

Tochi ya Majaliwa ilikuwa inamulika sakafu, na heri ilikuwa hivyo, maana uso wake ulikuwa umeiva. Mzee Pazi akalikanda goti lake. Alipotoa sauti ilikuwa kavu.

"Itengenezwe. Sasa hivi, mbele yangu. Kama mlivyofanya siku zile, na mimi nisikie." Akakivuta kiti mpaka kando ya tundu, akaegemeza kichwa ukutani.

Majaliwa akapiga magoti.

"Bi Sihaba."

"Abee."

"Umevaa viatu?"

"Niko miguu mitupu."

"Vaa kandambili. Hatufungui hata skrubu moja mpaka uvae."

Zikasikika kandambili.

"Mikono yako ikoje?"

"Ina jasho."

"Ifute. Usiifutie kwenye gauni, siku zile ulifutia kwenye gauni."

"Ulijuaje?"

"Nilisikia."

Mzee Bwanaheri akamtazama Mzee Husseni. Mzee Husseni akaangalia dari.

Majaliwa akamgeukia Mzee Pazi. "Mzee, ile swichi kubwa umeizima?"

"Si ulikuta giza?"

"Nilikuta giza. Naomba niende nikaitazame mwenyewe."

"Nimekwambia nimeizima!"

"Najua, mzee, nisamehe. Ungekuwa mkono wangu ningeamini. Lakini mkono utakaoingia mle si wangu."

Hakungoja ruhusa. Alikwenda, akaimulika swichi kubwa, akaitikisa, akamwomba Mzee Husseni asimame mbele yake asimruhusu mtu kuisogelea, hata Mzee Pazi mwenyewe. Mzee Husseni akasimama pale na mikono yake yenye halua, mlinzi kamili. Ndipo Majaliwa akapitisha tochi na bisibisi chini ya pazia ili Sihaba aone anachofunga, akarudi kupiga magoti.

Mzee Pazi alimtazama yote hayo, na roho yake ikaanza kulainika, akakasirika kwa kulainika. Miaka yote alidhani ni yeye peke yake duniani anayemhofia mtoto huyu: asijikwae, asinyeshewe, asiumwe. Sasa hapa kapiga magoti mtu mwingine mwenye hofu ile ile, tena hofu yake imeipita ya kwake, maana hata neno la baba mtu haliamini mpaka alione kwa macho.

"Ulegeze ule mwekundu," Majaliwa alikuwa anasema. "Polepole. Umetoka?"

"Umetoka."

"Uweke peke yake. Nyeusi zote mbili upande wa pili."

"Haya," Bi Zaina akajibu badala ya Sihaba. "Akae peke yake. Si milele, eda ina mwisho."

Swichi kubwa ikapandishwa. Taa ikawaka, na kila mtu akafumba macho kwa mwanga.

"Sihaba, zima huko," Mzee Pazi akaamuru. Ikazima. Akabonyeza yake, ikawaka. Sihaba akazima. Akawasha. Alirudia mpaka goti likamkumbusha kukaa.

"Kwa hiyo yeye anaweza kuzima nilichowasha mimi," akasema, "na mimi nikawasha alichozima yeye."

"Ndiyo, mzee."

"Hiyo ndiyo ndoa yenyewe!" Mzee Bwanaheri akarukia, maneno yamemrudia.

"Wewe kaa kimya. Fundi!"

"Naam, mzee."

"Toka nje."

Nyuma ya pazia, Sihaba alimshika shangazi yake bega mpaka mjane akalia. Majaliwa akasimama pale mikono mitupu, ameishiwa rangi.

"Mzee, mimi..."

"Toka nje, nimesema. Wazee wako wameniletea posa, na mimi nataka kuwajibu. Nitawajibuje na bwana harusi amenikalia mbele ya macho? Hujafunzwa desturi?"

Kijana alielewa nusu, nusu nyingine hakuthubutu kuielewa. Alitoka amevaa kwa makosa viatu vya Mzee Husseni, akavuka njia, kiatu kimoja kikamchomoka mguuni katikati ya barabara asijue. Dinesh alikuwa anafunga milango ya duka lake.

"Wamesemaje?" Dinesh akauliza.

"Sijui. Wanajibu."

Ndani, Mzee Pazi aliinama mbele. "Waambie watu wa Zinga nimekubali," akasema. "Na ukitoka hapa umjibu kijana wako, nakuomba, kwa maneno machache."

"Mzee Pazi," Mzee Bwanaheri akavuta pumzi ndefu, akajiweka sawa mkekani, "sisi watu wa Zinga, tangu enzi za babu yangu..."

Sihaba alikuwa amejifunika kanga usoni, analia na kucheka kwa pamoja. Akasikia pumzi ile ndefu ya mjomba mtu. Akasikia habari za mihogo zinaanza upya. Akamfikiria Majaliwa amesimama huko njiani, anangoja, hajui, na mzee huyu hatamaliza mpaka adhana ya alfajiri.

"Unakwenda wapi?" Bi Zaina akanong'ona.

"Siendi mahali, shangazi."

Ng'ambo ya njia, dirisha la Mzee Pazi likazima. Likawaka. Likazima tena, likawaka, haraka haraka, mpaka sauti ya Mzee Pazi ikasikika mtaa mzima: "Sihaba! Glopu hiyo imenunuliwa!"

"Lo!" Dinesh akasema, akaacha kufunga kufuli. "Majaliwa, kimbia! Taa yako imeharibika tena."

Majaliwa hakukimbia. Alikaa kwenye benchi, kiatu kimoja mguuni, akiangalia dirisha lile, na machozi yakimtiririka mbele ya mwenye duka.

"Haijaharibika, Dinesh," akasema. "Nimejibiwa."